Maswali ya Wasomaji: Wimbo Unaoanzia Kwenye Simu

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji wanaotunga nyimbo watuulize lolote kuhusu kutumia simu kurekodi na kuendeleza mawazo yao. Barua zimekuja nyingi, na zile zilizofanana tumeziunganisha. Tumeanza na swali lililojirudia kuliko mengine yote, na ndilo tulilolipa nafasi kubwa zaidi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi hupiga gitaa na kutunga, na kila wazo linaponijia, iwe njiani au usiku wa manane, hulirekodi kwenye simu. Sasa simu imejaa vipande vya sauti, vingine hata sikumbuki nilikuwa nawaza nini, na hakuna hata kimoja kilichofika kuwa wimbo. Je, nitafute programu nzuri zaidi? — Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Programu uliyo nayo inatosha kabisa kwa hatua uliyofikia. Kinachokosekana ni kuvirudia vipande hivyo, kuvisikiliza na kuvifanyia kazi, na hilo hakuna programu itakayokufanyia, hata ukinunua ya bei kubwa kuliko zote.

Tuanze na namna ya kunasa wazo lenyewe. Kabla hujaanza kuimba, sema kwa sauti yako ya kawaida wimbo unahusu nini, gitaa umelipiga kwa ufunguo gani, na kama umetumia kapo (kile kibanio cha shingo ya gitaa), umeibana kwenye freti ya ngapi. Maelezo hayo hayachukui hata nusu dakika, lakini ndiyo yatakayokuokoa baada ya miezi mitatu, utakaposikia sauti yako ikivuma bila maneno na usijue ulikuwa unaomboleza au unasifia harusi. Ukimaliza, badilisha jina la faili palepale. Simu huandika "Sauti 047" au tarehe tupu, na jina la namna hiyo halimwiti mtu kurudi. Andika maneno ya kwanza unayoyaimba, na kama maneno bado hayapo, andika mada.

Kisha tenga siku moja katika wiki ya kusikiliza tu, gitaa likiwa mbali nawe. Nasisitiza gitaa liwe mbali kwa sababu mpigaji akiwa nalo mkononi huanza kupiga kitu kipya badala ya kukisikia kile cha zamani, na matokeo yake ni kipande kingine cha kuongeza kwenye rundo. Chagua kimoja unachojikuta unakiimba baada ya kuzima simu, ukirekodi upya chote kwa ukamilifu zaidi kidogo, na vilivyobaki uviweke kwenye folda yao bila kuvifuta.

Nikuonyeshe namna usikilizaji huo unavyofanya kazi. Tuseme kiitikio chako kina mstari huu: "Maji ya kisima hiki, nilichimba kwa mkono." Ni mstari wa vipande viwili vya mizani nane nane, na ukiuweka kwenye mwendo wa mapigo manne, kila pigo linabeba mizani mbili: ma-ji, ya-ki, si-ma, hi-ki, kisha ni-li, chi-mba, kwa-m, ko-no. Mkazo wa maneno unaangukia kwenye mapigo yenyewe, kwa hiyo mstari unaimbika bila taabu. Lakini unaposikiliza rekodi ya kwanza unagundua kwamba katika neno "mkono" umeimeza ile "m", mizani zimebaki saba, na "ko" imewahi kutua kabla ya pigo la nne kufika, ndiyo maana kiitikio kilikuwa kinajikwaa mwishoni na wewe ukadhani lahani, yaani mkondo wa noti unaoimba, ndiyo mbovu. Rekodi tena ukiipa "m" noti yake katika nusu ya pili ya pigo la tatu, hata kama ni kwa kuvuma midomo ikiwa imefungwa. Huenda pia ukapata zawadi ambayo hukuitarajia, kwamba mvumo huo mfupi unapendeza kiasi cha kuwapa waitikiaji waurudie kama daraja la kuingilia ubeti. Hapo wimbo umepiga hatua moja ya kweli, na kifaa kilichotumika ni kinasa sauti kilichokuja na simu.

Baada ya hapo imba maneno yaleyale kwa lahani nyingine mbili zilizo tofauti kabisa, kila moja kwenye faili yake, ukalale, na kesho yake uzisikilize zote tatu. Usianze kutafuta ngoma, besi na vinanda mpaka kiitikio na angalau beti mbili ziwe zinasimama zenyewe kwa sauti na gitaa, maana biti tamu huficha ubeti uliopwaya, nawe utaugundua siku ambayo tayari umeshamlipa prodyuza. Bendi zilizokuwa zikirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam katika miaka ya 1970 ziliingia studio na nyimbo ambazo zilikwisha kupigwa kumbini mbele ya wacheza dansi, kwa hiyo mahali palipolegea palikuwa pamekwisha kujulikana. Wewe huna ukumbi wa kila mwisho wa wiki, basi faili zako za kwanza, za pili na za tatu ndizo zifanye kazi hiyo.

Simu yangu ni ya Android ya bei ya kawaida na nafasi yake ni ndogo. Nitumie programu ipi? Na kwa nini nikimtumia prodyuza sauti kwa WhatsApp ananiambia imeharibika? — Msomaji, Kahama

Kwa kunasa wazo, tumia kinasa sauti cha simu yenyewe, ila kwanza ingia kwenye mipangilio yake uone kinahifadhi kwa mfumo gani. Simu kadhaa za zamani hurekodi kwa mfumo wa AMR, uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, ambao hukata sauti nyembamba za juu na kuiacha gitaa ikisikika kama inapigwa ndani ya debe. Chagua M4A au WAV. Tofauti yao ni ukubwa: dakika moja ya WAV ya mono (njia moja ya sauti), yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua takriban MB 5, na ya stereo (njia mbili) MB 10, wakati M4A ya kiwango cha kawaida huchukua karibu MB 1. Kwa mawazo ya kila siku M4A inatosha, na WAV uiweke akiba kwa sauti unayotaka iingie kwenye wimbo wenyewe.

Ukitaka kupanga sauti juu ya sauti, programu ya BandLab inapatikana bure kwa Android na kwa iPhone, nayo hutunza kazi yako kwenye akaunti yako ya mtandaoni, jambo ambalo ni zuri simu inapopotea lakini linakula bando. Wenye iPhone wana GarageBand ya bure. FL Studio Mobile inauzwa, na faida yake kubwa kwetu ni kwamba studio nyingi za Bongo Fleva zinatumia FL Studio ya kompyuta, na mradi ulioanzia kwenye simu unaweza kufunguliwa humo. Anayedhani simu haifai kwa kazi ya maana amtazame mwanamuziki Steve Lacy wa Compton, California, aliyetengeneza nyimbo zake za mwanzo kwa iPhone na GarageBand, gitaa lake likiwa limeunganishwa kwenye simu kwa kifaa kidogo cha waya. Hata hivyo ukisikiliza kazi zake utaona kwamba kilichomfikisha mbali ni sikio na mpangilio.

Kuhusu WhatsApp, ujumbe wa sauti unaorekodiwa kwa kubonyeza alama ya maiki hubanwa sana ili upite haraka, na ubanaji huo umekusudiwa maneno ya kawaida. Rekodi kwanza kwenye kinasa sauti, kisha itume faili hiyo kupitia sehemu ya kutuma hati, nayo itamfikia prodyuza wako kama ilivyo.

Jambo jingine ambalo hukuuliza lakini linakuhusu: usiache wimbo wako ukae ndani ya programu moja pekee. Kampuni ya Apple ilitoa programu ya Music Memos mwaka 2016 mahsusi kwa watunzi, ikapendwa, na Machi 2021 ikaondolewa dukani, watumiaji wakatakiwa kuhamisha kazi zao. Kila mwisho wa mwezi toa nakala za faili uziweke kwenye memori kadi, kompyuta au hifadhi ya mtandaoni.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia. Natunga kwa solfa, lakini wanakwaya wengi hawasomi noti, na muda wa mazoezi ni mfupi. Nimejaribu kurekodi sauti zote nne mwenyewe kwenye simu, lakini sauti ya pili haikai pamoja na ya kwanza hata nikijitahidi vipi. — Msomaji, Songea

Milele amina, Mwalimu. Nashuku kwamba unatumia visikilizio visivyo na waya. Visikilizio vya Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji huo unaweza kufika hata robo ya sekunde. Kwenye mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.6, kwa hiyo robo ya sekunde ni karibu nusu ya pigo zima. Wewe unaimba sawasawa na unachokisikia, ila unachokisikia kimekwisha kupita. Tumia visikilizio vya waya. Simu nyingi za Android hubaki na ucheleweshaji mdogo hata kwa waya, na baadhi ya programu zina kipimo cha kuusahihisha. Zisipokuwa nacho, piga kofi moja mwanzoni mwa kila traki (rekodi ya sauti moja) sambamba na pigo la kwanza, kisha zisogeze traki kwa kidole mpaka makofi yote yasimame kwenye mstari mmoja.

Kabla hujarekodi, angalia pia mgawanyo wa mapigo. Programu nyingi zikifunguliwa huwa zimekwisha kupangwa kwa mapigo manne kwa nne, na nyimbo nyingi za kwaya zetu zilizojengwa juu ya ngoma za asili huenda kwa sita kwa nane. Ukiimba sita kwa nane juu ya kipima mwendo cha nne kwa nne, mlio wenye mkazo unakuja mahali pasipo pake na unakuvuta mpaka unaimba ovyo. Badilisha kwanza, na kama programu hairuhusu, zima mkazo uache milio iliyo sawa.

Traki ya kwanza kabisa isiwe ya kuimba. Piga "do" ya kinanda kwa sekunde chache, kisha hesabu kwa sauti hadi wimbo unapoanza. Mtu anayeimba peke yake bila ala hushuka sauti kidogo kidogo bila kujua, na kama soprano yako imeshuka nusu noti ifikapo ubeti wa tatu, alto utakayoirekodi kesho itashuka nayo, na siku mpiga kinanda akija hakuna atakayekutana naye. Imba sauti ya kwanza, hata kama ni oktava moja chini kwa sababu wewe ni mwanamume, kisha besi, maana hizo mbili zikikaa, alto na teno zinapata nyumba. Besi irekodi asubuhi ikiwezekana, kabla koo halijachangamka.

Sehemu ambayo nadhani itakusaidia zaidi ni namna ya kuwagawia wanakwaya kazi hiyo. Wengi huwatumia mchanganyiko mmoja wa sauti nne, na wenye alto wanaishia kuifuata soprano kwa sababu ndiyo inayosikika. Watolee kila kundi faili mbili. Katika ya kwanza, sauti yao iwe juu na nyingine tatu zisikike kwa mbali, na hiyo ni ya kujifunzia. Katika ya pili, sauti yao iwe imezimwa kabisa na nyingine tatu zisikike vizuri, na hiyo ni ya kujipima: mwanakwaya aimbe mahali palipo wazi akiwa nyumbani, na akiweza kufika mwisho bila kuvutwa na jirani, amekwiva. Kuzitoa faili hizo nane kutoka kwenye mradi mmoja ni suala la kupandisha na kushusha vitelezi, na mazoezi yako mafupi yatabaki kwa ajili ya matamshi, pumzi na hisia, mambo ambayo simu haiwezi kuyafundisha.

Naimba taarabu asilia na nimeanza kurekodi kwenye programu yenye kifaa cha kunyoosha sauti. Rafiki zangu wanasema inatoka safi, lakini mimi naona kama si mimi. Je, ni kutozoea tu? — Msomaji, Unguja

Sikio lako liko sahihi, dada yangu, na nakuomba uliamini. Vifaa vya kunyoosha sauti, vilivyoenea baada ya programu ya Auto-Tune kutolewa mwaka 1997, huichukua kila noti unayoimba na kuisukuma kwenye noti iliyo karibu zaidi miongoni mwa noti 12 za kinanda. Taarabu asilia imekulia kwenye ala za udi, kanuni na fidla, na inatumia maqamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) ambazo baadhi ya noti zake hazimo kwenye kinanda. Katika maqamu ya Rasti noti ya tatu hukaa katikati ya noti mbili za kinanda, na katika Bayati ni ile ya pili. Ukiiimba inavyotakiwa, kifaa kinaiona kuwa ni kosa na kukisahihisha kilichokuwa sawa, kisha kile kiteremko cha sauti unachokifanya mwishoni mwa mstari kinakatwa kuwa ngazi. Rafiki zako wanauita huo usafi kwa sababu nyimbo nyingi wanazozisikia redioni zimepitishwa humo.

Kizime. Kwa kujipima, rekodi kwanza mpiga udi au fidla akiipiga lahani polepole, kisha wewe imba juu yake, na mahali mnapogombana ndipo pa kufanyia mazoezi. Rekodi ambazo Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwenda kuzifanya Bombay mwaka 1928 zina umri wa karibu miaka 100 na hazina hata chembe ya unyooshaji, nazo bado ni darasa la namna sauti inavyopita katikati ya noti. Kama unaimba taarabu ya kisasa yenye kinanda cha umeme kilichopangwa kwa noti 12, kifaa hicho kinaweza kutumika kwa kiwango cha chini, lakini si kwa ulichoniandikia.

Nyumba yetu ni ya bati na mvua hapa haikatiki. Nikirekodi, aidha mvua inafunika kila kitu, au simu inakata mvumo wa gitaa katikati. Nifanyeje? — Msomaji, Bukoba

Kukatika kwa mvumo mara nyingi kunatokana na simu yenyewe kujaribu kuondoa kelele: husikia mvumo mrefu wa nyuzi ukifanana na kelele ya feni, ikaupunguza. Tafuta kwenye mipangilio ya kinasa sauti sehemu ya kupunguza kelele uizime, na kama kuna hali ya mahojiano na hali ya kawaida, chagua ya kawaida. Simu iweke katika hali ya ndege ili isipigwe katikati ya ubeti, na tundu la maiki, ambalo kwa kawaida liko chini, lisifunikwe na kiganja.

Kwa mvua, wazo la haraka lirekodi hivyo hivyo, kwani kazi ya faili hiyo ni kukukumbusha. Sauti ya kubaki ndani ya wimbo isubiri mvua ikatike, na uifanyie chumba chenye vitanda na nguo zilizotundikwa badala ya sebule ya sakafu tupu, simu ikiwa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiingie moja kwa moja.

Nimetunga wimbo kwenye simu na nataka kumpelekea prodyuza, lakini naogopa kuibiwa. Pia biti niliyotumia niliipakua YouTube. Nimelindwa kwa kiasi gani? — Msomaji, Mombasa

Ndugu yangu, kwa upande wa maneno na lahani uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Kenya iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na chini ya mkataba huo haki ya mtunzi haisubiri usajili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloshikika, na rekodi ya simu yako ni umbo hilo. Ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Usichoweza kukilinda ni wazo tupu: ukimwambia mtu kwamba unataka kutunga kuhusu mke wa baharia anayengoja, naye akatunga wa kwake kwa maneno na lahani nyingine, huna kesi.

Usajili ni wa hiari lakini unarahisisha ushahidi. Kenya utaupata kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Tanzania Bara kwa COSOTA, na Zanzibar kwa COSOZA. Hapa ndipo zile faili za kwanza, za pili na za tatu nilizomshauri msomaji wa Morogoro azitunze zinapopata kazi nyingine, maana zinaonyesha wimbo ukikua hatua kwa hatua mikononi mwako, na mwizi hana historia ya namna hiyo. Usizifute wimbo unapotoka, na uzitunze zikiwa na tarehe zake za asili.

Biti ni suala jingine, na hapo ndipo hatari yako ilipo. Biti iliyoandikwa "bure" kwenye YouTube kwa kawaida ina mwenyewe, na mara nyingi ruhusa yake ni ya mazoezi au ya kazi isiyouzwa. Siku wimbo utakapoanza kuingiza fedha, mfumo wa YouTube unaweza kuitambua biti hiyo na mapato yakaenda kwa mwenye biti. Soma masharti yaliyo chini ya video, ununue leseni, au umpe prodyuza wako sauti yako pekee akujengee biti mpya. Vipande vilivyomo ndani ya GarageBand vinaruhusiwa kutumika katika wimbo wa kuuza, ila kumbuka kwamba mamilioni ya watu wanavyo hivyohivyo, hivyo usivifanye kuwa uti wa mgongo wa wimbo.

Kabla ya kutuma chochote, andikianeni na prodyuza nani ametunga maneno, nani lahani, nani biti, na kila mmoja atapata asilimia ngapi. Hata ujumbe wa WhatsApp ulioandika na yeye akaujibu kwa kukubali unafaa kuanzia, mradi kila mmoja aubakize kwenye simu yake. Ila wimbo ukikaribia kutoka, hamishieni makubaliano hayo kwenye karatasi, mtie saini wote wawili mbele ya shahidi, na kila mmoja abaki na nakala.